Anga Si Tupu

Kila mtu Nairobi ana ile picha. Umepanda Ngong Hills Jumamosi asubuhi, viatu vimejaa vumbi, umemaliza kilima cha kwanza ukihema, halafu umesimama na mikono umeitandaza. Nyuma yako kinu cheupe cha upepo kinazunguka polepole, kama mtu asiye na haraka na maisha. Chini ya picha unaweka moyo wa kijani na bendera ya Kenya. Mimi pia ninayo. Ilikaa kwenye WhatsApp yangu miezi mitatu.

Nataja hiyo picha mapema kwa sababu najua vile mambo huenda. Ukisema neno moja baya kuhusu vinu vya upepo, mtu atakuuliza unalipwa na kampuni gani ya mafuta. Silipwi na mtu. Navipenda vile vinu. Nimekaa gizani na nchi nzima usiku ule wa Agosti 2023, na kila mwezi natazama tokeni zikiyeyuka kabla sijamaliza kupiga pasi. Sitaki turudi kwa jenereta za dizeli. Ninachotaka ni jibu la swali moja nililouliza mwaka jana, nikachekwa.

Ilikuwa kwenye mkutano wa vijana na tabianchi, hoteli moja hapa mjini. Unajua hiyo mikutano: beji shingoni, samosa saa nne, na kila msemaji anatuambia sisi ndio kesho. Wakati wa maswali nikainua mkono. Nikauliza: vinu vyetu vya upepo vinaua popo wangapi kwa mwaka?

Ukumbi ukacheka. Jamaa mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Wacha wafe, si ndio walituletea Korona?" Wakacheka tena. Msemaji akatabasamu, akasema hilo ni swali zuri sana, akampa kipaza sauti mtu mwingine.

Nimekuwa nikibishana na hicho kicheko kichwani tangu siku hiyo.

Tuanze na vile popo anakufa, kwa sababu wengi hawajui kama kuna kifo chochote. Kinu ukikitazama kutoka mbali kinaonekana mpole. Hiyo ni macho kudanganya. Ncha ya panga lake inakata hewa kwa kasi inayopita kilomita 200 kwa saa. Hakuna matatu ya Rongai imewahi kufika hapo, hata usiku. Na popo, tofauti na vile tulivyoambiwa utotoni, si kipofu. Ana macho, na wale wala wadudu wanapiga sauti na kusikiliza mwangwi wake, wanajua kila kitu kilicho mbele yao. Lakini hakuna kitu katika mamilioni ya miaka ya popo kilichomfundisha kwamba hewa tupu mbele yake itajaa panga nusu sekunde baadaye, kutoka juu.

Ajabu ni kwamba wengine wanakifuata. Huko Indiana, Marekani, watafiti waliweka kamera za joto usiku kwenye vinu, wakaona popo wakikaribia kutoka upande ule usio na upepo, wakirudi tena na tena, vile wangefanya kwa mti mrefu. Mti ni mahali pa kulala, pa kukutana, pa kupata wadudu. Popo anaona mti mkubwa kuliko yote aliyowahi kuona. Anaenda kusalimia.

Mwaka 2008 watafiti wa Canada waliwapasua popo waliookotwa chini ya vinu huko Alberta. Karibu nusu hawakuwa na jeraha lolote la nje, lakini mapafu yalikuwa yamevuja damu. Walisema ni shinikizo la hewa, ambalo hushuka ghafla nyuma ya panga na kupasua mishipa midogo. Wataalamu wengine wamebisha, wanasema ni pigo la panga lenyewe. Wacha wabishane. Popo amekufa kwa njia zote mbili.

Na wanakufa wengi. Marekani na Canada pekee hesabu ni mamia ya maelfu kila mwaka. Kuna popo mmoja wa huko, mwenye manyoya kama mvi, anayehama kila mwaka kama wahamavyo ndege. Mwaka 2017 watafiti walipiga hesabu wakasema vinu vikiendelea vile vilivyo, idadi yake inaweza kushuka kwa hadi asilimia 90 ndani ya miaka 50. Huyo si popo wa kisiwa fulani kidogo. Anaishi karibu bara zima.

Hapo mtu ananiambia: lakini paka na madirisha ya maghorofa yanaua wanyama wengi zaidi. Kwa ndege, ndiyo. Kwa popo hesabu ni nyingine, kwa sababu ya vile anavyozaa. Tunamwona kama panya mwenye mabawa, basi tunadhani anazaa kama panya. Popo wengi huzaa mtoto mmoja kwa mwaka. Mmoja. Na wanaishi muda mrefu kuliko ukubwa wao unavyoruhusu: kuna popo wa Siberia, mwenye uzito wa gramu 7 hivi, aliyevikwa alama na kukamatwa tena miaka 41 baadaye. Mnyama wa namna hiyo ana maisha ya polepole, kama ya tembo. Ukimuua jike mmoja leo, pengo lake halizibwi mwaka kesho.

Sasa tuje kwa yule jamaa wa nyuma. Wacha wafe, kwani wana faida gani?

Popo mdogo mla wadudu anaweza kula karibu nusu ya uzito wake kwa usiku mmoja. Anakula mbu. Anakula nondo, na nondo ndiye mzazi wa viwavi wengi wanaotuliza shambani, wakiwemo wale viwavijeshi vamizi waliofika Kenya 2017 na kutafuna mahindi ya watu mpaka kwenye gunzi. Nondo anaruka usiku. Wewe umelala, mkulima amelala, kuku wamelala. Nani mwingine yuko kazini?

Ukitaka kujua inakuwaje popo wakiondoka, kuna mahali ambapo jaribio lilifanyika bila mtu kulipanga. Ugonjwa wa kuvu uliingia mapangoni Marekani na kuua popo kwa mamilioni. Mwaka 2024 mwanauchumi Eyal Frank wa Chuo Kikuu cha Chicago alichapisha hesabu zake katika jarida la Science. Katika kaunti ambazo popo walikufa, wakulima waliongeza dawa za kuua wadudu kwa karibu asilimia 31. Na katika kaunti hizo hizo, vifo vya watoto wachanga visivyotokana na ajali au mauaji vilipanda kwa karibu asilimia 8. Soma tena hiyo sentensi. Popo walikufa mapangoni, na mwisho wa mnyororo kulikuwa na mama aliyerudi nyumbani bila mtoto. Huko waliuawa na kuvu, si vinu. Lakini shamba haliulizi popo amekufa kwa nini.

Halafu kuna wale wanaokula matunda. Ua la mbuyu hufunguka usiku, na popo ndiye huleta poleni. Yale mabuyu mekundu unayonunua ukishuka Mombasa, yanayokuacha na ulimi kama umekula rangi, asili yake ni ua lililongoja mgeni gizani. Ukila, angalau jua ni nani wa kumshukuru.

Na Korona? Ndiyo, popo hubeba virusi. Sitaficha: pango la Kitum kule Mlima Elgon limehusishwa na visa vya Marburg miaka ya 1980. Hiyo ni sababu ya kuwaacha popo kwenye mapango yao kwa amani. Si sababu ya kufurahia wakikatwakatwa angani. Lakini popo hajawahi kuwa na wakili. Hadithi tuliyosimuliwa ilisema alikataliwa na ndege na akakataliwa na wanyama kwa sababu hakujulikana yuko upande gani. Zanzibar na Pemba, hofu ilipotanda mwaka 1995, jini la usiku lilipewa jina Popobawa. Tunamkuta tayari ana kesi, basi hakuna anayeshtuka akihukumiwa.

Ndiyo maana nataka ulinganishe na tumbusi.

Kule Kajiado, kwenye vinu 60 vya Kipeto, ilijulikana mapema kwamba kuna tumbusi wanaopita, wale tai wa mizoga ambao wako hatarini kutoweka. Watu wa mazingira wakapiga kelele, wafadhili wakasikia, na mpango ukawekwa: waangalizi waliofunzwa hukaa na darubini wakitazama anga, na tumbusi akikaribia, kinu kinasimamishwa. Kinasimamishwa! Mtambo wa mamilioni unangoja ndege mmoja apite. Nilipoisoma hiyo mara ya kwanza niliona fahari kuwa Mkenya.

Lakini tumbusi anaruka mchana. Ni mkubwa, ana jina kwenye orodha ya walio hatarini, ana watu wa kumtetea kwenye mikutano. Mwangalizi mwenye darubini hawezi kuona kitu cha gramu 10 saa tatu usiku. Kwa popo inabidi ulinzi uwe wa aina nyingine, na huo ulinzi upo, umejaribiwa, na ni rahisi mpaka unakasirisha. Hii ndiyo sehemu iliyonitoa usingizi.

Popo hapendi upepo mkali. Ni mwepesi, wadudu wake ni wepesi zaidi. Usiku wa upepo mwingi, wote wanakaa chini. Wanaotoka juu kuwinda hutoka usiku uliotulia. Sasa, kinu nacho kinafanya nini usiku uliotulia? Karibu hakuna. Nguvu ya upepo haipandi sambamba na kasi. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu inakuwa mara nane. Maana yake, upepo wa mita 4 kwa sekunde una moja ya nane tu ya nguvu iliyo kwenye upepo wa mita 8. Saa ambazo popo wengi wako angani ndizo saa ambazo kinu kinazunguka kwa umeme wa kuchaji simu, ukilinganisha na uwezo wake.

Basi fanya hivi: wakati wa usiku, usianzishe kinu mpaka upepo ufike mita 5 au 6 na zaidi kwa sekunde. Chini ya hapo, lalisha mapanga yafuate upepo yatulie. Mwaka 2008 na 2009 hili lilijaribiwa Casselman, Pennsylvania, katika msimu ambao popo wa huko hufa zaidi. Vifo vilipungua kwa kati ya asilimia 44 na 93, usiku kwa usiku. Umeme uliopotea, ukipigiwa hesabu ya mwaka mzima, haukuzidi asilimia 1. Hakuna teknolojia mpya ya kungoja na hakuna mkopo wa benki. Ni kubadilisha tarakimu kwenye kompyuta inayoendesha kinu.

Mtu wa stima atasema Kenya si Pennsylvania. Kweli. Nenda basi Loiyangalani, kwenye vinu 365 vya Ziwa Turkana vyenye uwezo wa megawati 310. Upepo wa pale wastani wake ni kama mita 11 kwa sekunde, na hasa usiku unavuma kama umetumwa. Saa za upepo chini ya mita 5 ni chache. Kwa hiyo gharama ya kutulia saa hizo ni ndogo zaidi hata ya Pennsylvania.

Na wacha niseme jambo ambalo wanaolipa bili wanapaswa kulijua. Vinu vya Loiyangalani vimewahi kupunguzwa mara nyingi usiku wa manane, si kwa ajili ya popo. Nchi ikilala, matumizi yanashuka, gridi inakuwa na umeme kuliko inavyohitaji, na agizo linatoka kwamba punguzeni. Mkataba wenyewe ni wa chukua au lipa: umeme ambao ungezalishwa, tukakataa kuupokea, bado una gharama, na gharama za umeme Kenya zinajua njia ya kufika kwenye tokeni yako. Hata kabla ya hapo, vinu vilikuwa tayari lakini nyaya hazikuwa tayari, na nchi ikalipa faini ya mabilioni kwa kuchelewa. Kwa hiyo usiniambie kusimamisha kinu ni jambo lisilowezekana. Tumesimamisha. Tumelipia kusimamisha. Tumesimamisha upepo ukiwa mkali, umeme ukiwa mwingi. Ninachoomba ni tusimamishe upepo ukiwa dhaifu, umeme ukiwa haupo.

Kwa nini basi swali langu lilichekesha? Nadhani ni kwa sababu tunaamini mahali ambapo hatuoni mtu hapana mtu.

Hii tabia tunaijua. Ndiyo iliyosema jangwa la Marsabit ni ardhi tupu inayongoja mwekezaji, ilhali Warendille, Wasamburu, Waturkana na Wael Molo walikuwa wakilisha na kunywesha mifugo pale tangu babu za babu. Mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliamua kwamba hati za ekari 150,000 za mradi wa Ziwa Turkana hazikupatikana kwa njia halali. Kumbe haikuwa tupu. Najua kuna wasomaji wataniuliza nawezaje kutaja watu na popo kwenye aya moja. Nawataja pamoja kwa sababu walipuuzwa na jicho moja. Jicho linalotazama ramani na kuona upepo tu haliwezi kuona mchungaji, sembuse popo. Na mchungaji angalau anaweza kwenda mahakamani.

Kuna kitu kingine kwenye ramani hiyo. Umeme wa Loiyangalani unasafiri kwa nyaya zaidi ya kilomita 400 kuja kusini. Unajua unaishia wapi? Suswa. Mlima ule ule wenye mapango yaliyochimbwa na lava, ambamo wanaishi popo wakubwa wenye masikio mapana, warukao juu na kwa kasi, ambao wanasayansi walikuja kuwapa jina lao rasmi mwaka 2015 tu. Watu hulipa kuingia kuwaona, vijana wa Kimaasai huwaongoza na tochi, na watafiti kama Paul Webala wa Chuo Kikuu cha Maasai Mara wametumia miaka wakieleza nchi hii kwamba ina zaidi ya spishi 100 za popo. Sisemi nyaya zinawaua. Nasema umeme wetu wa upepo unaingia gridi ya taifa mlangoni kwa popo, na kwenye ule ukumbi hakuna aliyewahi kufikiria kubisha hodi.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na naomba kwa NEMA na kwa yeyote anayetia sahihi leseni za vinu vipya, kwa sababu vinu vipya vinakuja.

Kwanza, kabla nguzo moja haijasimama, sauti za popo zirekodiwe mahali hapo mwaka mzima, masika na kiangazi. Wataalamu wa popo Afrika Kusini wameshaandika miongozo inayotaka miezi 12. Wiki mbili za mshauri mwenye haraka hazitoshi.

Pili, sharti la upepo dhaifu liandikwe kwenye leseni. Liandikwe kwa tarakimu: usiku, chini ya mita fulani kwa sekunde, mapanga yalale. Lisiachwe kwa hiari ya mwenye kinu.

Tatu, hesabu ya mizoga iwekwe wazi, kwa kila shamba la vinu, kila mwezi. Na ihesabiwe na watu wasiolipwa na mwenye shamba. Popo aliyeanguka ni mdogo kama kidole, na bweha au kunguru anaweza kumchukua kabla hakujapambazuka. Ukiniambia umetafuta hujaona, nitakuuliza umetafuta saa ngapi, na uliweka mizoga ya majaribio kujua ni mingapi inakupita? Kila mtafiti wa kweli hufanya hivyo. Sifuri isiyopimwa ni uvivu tu.

Sijaomba kinu hata kimoja king'olewe. Nataka vingi zaidi. Ila vijana wa nchi hii tumezoea kuambiwa tuchague: stima au ardhi, kazi au msitu, halafu baadaye tunagundua uchaguzi wenyewe ulikuwa wa uongo, mtu alikuwa anaokoa senti. Hapa senti zenyewe hazizidi asilimia 1.

Mkutano mwingine utakuwepo, hiyo najua. Kutakuwa na beji na samosa. Nitainua mkono niulize swali lile lile, na pengine watacheka tena. Ukiwa ndani ya ukumbi, usicheke. Inua mkono baada yangu, uliza: popo wangapi? Wakisema ni swali zuri, mwambie msemaji ashike hicho kipaza sauti mpaka atoe nambari.